Fahamu: Kupika kwa kitabu cha mpishi maarufu Busia na Malaba

Kitabu cha In Bibi's Kitchen, cha Hawa Hassan, mzaliwa wa Somalia aliyekulia Marekani, akishirikiana na Julia Turshen, kilitoka mwaka 2020. Kimekusanya mapishi ya akina bibi wa nchi nane za Afrika, Kenya ikiwemo. Anayekitumia kupika Busia au Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, hulazimika kurekebisha mambo matatu.

Vipimo. Kikombe cha Marekani ni takriban mililita 240. Gorogoro ya sokoni, inayobeba kilo 2 hivi za mahindi, ni ya kununulia tu.

Moto. Nyuzi 350 za Fahrenheit ni kama 177 za Selsiasi. Pasipo ovena, sufuria nzito huwekwa juu ya makaa machache, na makaa mengi zaidi hupangwa juu ya mfuniko, keki iive bila kuungua chini.

Viungo. Nazi ni zao la pwani, mbali na mpaka huu. Karanga za kusaga, zinazotumika badala ya nazi, hazina ladha yake, lakini huufanya mchuzi uwe mzito. Huyeyushwa kwanza kwa maji ya vuguvugu, kisha mchuzi hukorogwa kwa moto mdogo usishike chini. Mboga kama kunde hupendeza sana zikiungwa hivyo.