Gari la Japani kwenye Mteremko wa Musaga

Tupige hesabu moja kabla ya kushika spana. Corolla ya zamani ina uzito wa kilo 1,000 hivi. Mpandishe dereva, abiria watatu na gunia la viazi, utafika kilo 1,300. Gari hilo litoke Ijenda, kwenye mashamba ya chai yaliyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, literemke kwa barabara ya RN7 hadi Musaga, jijini Bujumbura, Burundi. Limeshuka zaidi ya mita 1,100. Nguvu iliyolipandisha kule juu haipotei. Wakati wa kushuka inageuka joto, na joto hilo likikusanywa lote lingechemsha zaidi ya lita 40 za maji ya bomba. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, sehemu nyingine na injini ikiwa dereva ameacha gia ndani. Kinachobaki kinaingia kwenye breki nne ambazo, ukizifungua, zinaenea zote ndani ya beseni la kufulia.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu Musaga iko miguuni pa mlima huo, na ni mtaa wa watu wanaoyapenda magari yao ya zamani. Mwisho wa juma, nyuma ya lango, utakuta Corolla au Carina Ti imeinuliwa juu ya matofali, milango imevuliwa, viti vimeanikwa juani. Mwenye gari mara nyingi si fundi wa kazi hiyo. Ni mwalimu, karani au mwanafunzi. Amejifunza kwa kuangalia na kuuliza, na kipuri akikikosa mtaani anateremka Buyenzi kukitafuta kwa mafundi na wauza spea wa huko. Naiheshimu sana kazi hii. Gari ambalo lingegeuka chuma chakavu linapata miaka kumi mingine, na mtu aliyeifungua injini yake kwa mikono yake hadanganywi tena kirahisi gereji.

Tatizo ni mahali pa kuanzia. Wengi huanza na rimu pana, redio yenye spika kubwa, rangi mpya, bomba la moshi lenye kuunguruma. Gari la Kijapani la miaka ya 1990 lilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, kwa barabara nyingine na kwa upande mwingine wa barabara. Marekebisho ya kwanza yanayostahili jina hilo ni yale yanayolihamishia gari hapa: kwenye mlima huu, kwa mafuta haya, kwa mkono wa kulia wa barabara hii.

Basi turudi kwenye breki. Tunaita mafuta ya breki, lakini hayana undugu na mafuta ya injini. Ni kimiminika kinachonyonya unyevu kutoka hewani hata kikiwa kimefungiwa kwenye mfumo wake. Cha daraja la DOT 3 kikiwa kipya hakichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Kikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa na sheria za utengenezaji kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Sasa fikiria gari ambalo kimiminika chake hakijabadilishwa kwa miaka minane, linateremka kona baada ya kona huku mguu wa dereva umelalia breki. Kimiminika kinachemka, kinatoa mvuke, na mvuke unabanika kama mpira wenye upepo. Pedali inazama hadi sakafuni na gari linaendelea. Dereva atasema breki zimekatika. Hakuna kilichokatika. Akisubiri nusu saa zipoe, breki zitarudi kana kwamba hakuna lililotokea, na ndiyo maana kosa hili halitengenezwi.

Kwa hiyo kimiminika kibadilishwe kila baada ya miaka miwili, na bei ya kopo lake ni ndogo kuliko rimu yoyote utakayonunua. Usiongezee mafuta ya injini au ya haidroliki hata siku moja. Mipira ya ndani itavimba na breki zitabana zenyewe barabarani. Kagua paipu za mpira zinazokwenda kwenye magurudumu. Zikizeeka huvimba kwa ndani, nje zikaonekana nzima. Fungua dramu za nyuma, ambazo watu huzisahau kwa kuwa hazionekani, na utazame kama silinda zake ndogo zinavuja na kulowesha viatu vya breki. Vumbi utakalolikuta humo usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Viatu vya breki vya magari ya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto, na nyuzi zake zikiingia kwenye pafu hazitoki. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa.

Hapa niseme jambo ambalo uhaba wa mafuta umelifanya kuwa kubwa. Kwa kuwa esansi, yaani petroli, imekuwa ya kupanga foleni kwa miaka kadhaa sasa, madereva wengi huteremka mlima wakiwa wametoa gia, wengine wakizima injini kabisa, wakiamini wanaokoa. Kwa gari lenye mfumo wa sindano unaoongozwa na kompyuta, imani hiyo ni kinyume cha ukweli. Ukiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inabaki bila wa kuizungusha, hivyo inakunywa mafuta ili isizime. Na ukiizima kabisa unakosa msaada mwingine: kile kibuyu cha chuma kinachoulainishia mguu wako pedali ya breki kinategemea mvuto wa hewa wa injini. Baada ya kukanyaga mara mbili tatu kinaishiwa, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Teremka kwa gia uliyopandia. Mlima huohuo ukulipe.

Baada ya breki, joto la injini. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ufukweni Dar es Salaam, karibu 97 hapa Bujumbura, na 93 hivi kule Ijenda. Rejeta hujitetea kwa kifuniko chake: kifuniko kizuri chenye alama ya 0.9 huufunga mgandamizo ndani mpaka maji yaweze kuvuka nyuzi 115 bila kuchemka. Raba ya kifuniko ikipasuka ulinzi huo haupo, na gari linachemka Jumamosi baada ya Jumamosi huku mwenyewe akibadilisha feni, pampu na hata gasketi ya silinda hedi. Anza na kifuniko.

Kisha rudisha thamostati. Nasema rudisha kwa sababu magari mengi ya zamani katika Afrika Mashariki yalishang'olewa kifaa hicho na fundi aliyedhani nchi ya joto haikihitaji. Thamostati ya injini za Corolla za miaka hiyo hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kazi yake ni kuisaidia injini ifike joto lake la kazi upesi na kubaki hapo. Bila hiyo, injini hukaa baridi kwa safari nzima za mjini, hulika haraka na hunywa mafuta zaidi ya inavyopaswa. Katika mji ambao mtu huitafuta esansi kwa siku kadhaa, kuendesha gari bila thamostati ni kuimwaga barabarani.

Kabureta nayo ina shida yake na mlima. Hewa ya Ijenda ni nyepesi kuliko ya Musaga, lakini kabureta haijui. Inaendelea kumimina mafuta karibu yaleyale, injini inatoa moshi mweusi na plagi zinajaa masizi. Corolla za AE100 zenye injini ya 5A-FE hupima mgandamizo wa hewa zenyewe na kujirekebisha. Ukiwa na kabureta na unaishi bondeni, iseti kwa ajili ya bondeni, ukubali udhaifu mdogo juu. Wanaoiseti ili ipande vizuri hushuka na injini yenye njaa ya mafuta, na injini ya namna hiyo huunguza valvu.

Mtu akiniambia gari la mitumba haliwezi kuwa gari la heshima, humkumbusha mwaka 1965. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, pamoja na mdogo wake Jaswant, walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika kwenye mashindano na dereva mwingine. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Tangu 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya zamani peke yake, na Datsun na Ford za miaka ya 1970 bado zinapita kwenye vumbi na matope yaleyale. Gari kongwe lililoandaliwa kwa ajili ya barabara linayopita halina aibu mbele ya jipya.

Kuhusu bodi nitakuwa mfupi. Magari yaliyotoka kaskazini mwa Japani yalikanyaga barabara zilizomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na kutu yake huanzia chini, kwenye kingo za milango na sehemu zinakofungwa springi. Tembeza sumaku iliyofungwa kitambaa: isiposhika, hapo pana puti, na chini ya puti pana tundu. Puti si chuma. Kata, chomelea bati jipya, ndipo upake rangi. Na rangi ya kuchanganya na dawa ya kukaushia usiipulize uani ukiwa umefunga leso puani. Dawa hiyo inaumiza mapafu yako na ya mtoto wa jirani aliye upande wa pili wa ukuta.

Wanaokata springi ili gari lilale chini nawaomba waache. Springi iliyokatwa ni ngumu kuliko nzima, na gurudumu likining'inia kwenye shimo inaweza kuchomoka mahali pake.

Usalama wa uani nao hauna mjadala. Tofali la kuchoma hubeba uzito mkubwa likiwa ukutani, lakini chini ya chasisi uzito wote hukaa kwenye ncha moja na tofali hupasuka bila kutoa onyo. Weka magogo mapana ya mti mgumu au stendi za chuma, na usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Halafu bidoni la esansi lililowekwa akiba: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji na kufuata mteremko wa ua mpaka pale unapochomelea. Liondoe kabisa kwenye ua huo kabla ya kuwasha mashine.

Nimeziacha taa mwishoni kwa sababu kosa lake linamdhuru mtu mwingine kabla ya mwenye gari. Japani huendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Burundi huendesha kulia, kama Rwanda na Kongo. Taa za mbele zikipunguzwa hazitoi mwanga wa usawa. Upande mmoja hupandishwa kidogo ili kumulika ukingo wa barabara na watu wanaotembea hapo. Kwenye taa za Japani upande huo ni wa kushoto. Ukija nazo Bujumbura, mwanga ulioinuliwa unamwingia machoni dereva anayekuja mbele yako, huku watembea kwa miguu wa upande wako wa kulia wakibaki gizani. Mtanzania anayetoka Kabanga kuingia Kobero hubadilisha upande wa barabara, lakini taa zake zinabaki na upande wa kwao. Kuhamisha taa ya kushoto kulia hakusaidii, kwa kuwa umbo liko ndani ya kioo na kiakisi chenyewe. Balbu kali za rangi ya buluu zinaongeza madhara.

Dawa ni taa zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya au la Ghuba, ambako Corolla ziliuzwa zikiwa na usukani wa kushoto. Zipime kwanza kama zinaingia kwenye bodi yako. Ukizikosa, fundi anayejua anaweza kuziba kwa gundi nyeusi ile sehemu ya kioo inayoinua mwanga, hadi utakapozipata.

Jaribu leo jioni. Egesha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, uwashe taa na kuzipunguza. Kwenye ukuta utaona mstari wa mwanga ulionyooka, kisha unaopanda upande mmoja. Kwa barabara za Burundi unatakiwa upande kulia. Ukiona unapanda kushoto, shughulikia taa hizo kabla hujanunua kopo la kwanza la rangi.