Kompyuta ya Zamu Nayo Yahitaji Kupumua

Askari wa leo hategemei bunduki na darubini peke yake. Picha zipigwazo kutoka angani, ramani za bahari, orodha za vyombo viingiavyo bandarini na taarifa za vikosi vilivyotawanyika, zote huchambuliwa na kompyuta yenye nguvu iliyo juu ya meza ya chumba cha zamu. Kompyuta hiyo ikizimika saa nane za usiku, doria iliyoko baharini hubaki kama nahodha aliyepotelewa na dira. Ndiyo sababu tumeonelea tuzungumze na wenzetu wa jeshi na polisi juu ya kitu ambacho wengi hukidharau, nacho ni kasha la kompyuta.

Tumechagua mfano wa pwani ya Kismayo, mji ambao Al-Shabaab waliondolewa mwaka 2012 na majeshi ya Umoja wa Afrika yakishirikiana na Wasomali. Kutoka hapo kuelekea kusini, hadi karibu na Ras Kiamboni, vimejipanga visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Pwani hiyo iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Joto halina msimu wa kupumzika, na pepo za kusi na kaskazi hupeana zamu kuleta mchanga na chumvi. Mashine iwezayo kudumu huko itadumu popote katika pwani yetu.

Joto na makelele

Karibu umeme wote uingiao katika kompyuta hugeuka joto. Mashine itumiayo wati 500 ni kama pasi iliyoachwa ikiwaka sandukuni. Ili hewa itokayo isizidi ile ya chumba kwa zaidi ya nyuzi 10, lazima kiasi cha meta za ujazo 2.5 za hewa zipite ndani ya kasha kila dakika. Zikikosekana, prosesa hujipunguzia mwendo ili ijiokoe. Joto likizidi, mashine hujizima. Tena feni haziwezi kulifanya kasha liwe baridi kuliko chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 32, ndani ya kasha patakuwa na zaidi ya hapo.

Makelele nayo yana hatari yake. Msikilizaji wa redio anayetafuta sauti hafifu kutoka mashuani hawezi kufanya kazi kando ya mashine ivumayo kama kinu. Hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, wakachukua kasha lililozibwa mbele na kutandikwa sponji ndani. Hewa ikikosa njia, feni hulazimika kuzunguka kwa kasi, na makelele yaliyokimbiwa hurudi kwa nguvu zaidi.

Feni kubwa husukuma hewa nyingi ikizunguka polepole. Feni ikipunguziwa mwendo kwa nusu, makelele yake hushuka kwa kadiri ya desibeli 15. Hivyo feni tatu za milimeta 140 ziendazo taratibu hupoza vizuri na kuacha chumba kikiwa na utulivu. Nyumba ya makuti hufuata kanuni iyo hiyo: upepo huingia mlangoni na madirishani, joto likatokea juu pasipo kelele.

Mambo ya kuchunguza

Kwanza, uso wa kasha uwe wa wavu wa waya. Makasha ya vioo na taa za rangi tuwaachie vijana wa michezo.

Pili, feni ziingizazo hewa ziwe na nguvu kuliko zitoazo. Hewa ya ndani itasukuma kuelekea nje, na vumbi halitapenya katika nyufa. Ziwekwe mbele kwa kuingiza, nyuma na juu kwa kutoa.

Tatu, kila mahali hewa iingiapo pawe na chujio liwezalo kuchomolewa na kuoshwa bila bisibisi.

Nne, tuchunguze rangi ya bati, hasa pembeni na kwenye matundu ya skrubu. Unyevu wa hewa ukivuka kiasi cha asilimia 75, chembe za chumvi hunywa maji hayo na kuyeyuka, na bati lililokwaruzwa huanza kula kutu.

Tano, kasha liwe na nafasi ya kutosha kwa kipoza-prosesa kikubwa cha hewa. Mitambo ya kupoza kwa maji ni mizuri, lakini pampu ikifa kisiwani, nyingine itangoja mashua.

Matunzo

Kasha zuri bila nidhamu ni kazi bure. Liwekwe mezani, mbali na mchanga wa sakafuni, na nyuma yake paachwe nafasi. Machujio yaoshwe kila baada ya wiki mbili kwa maji yasiyo ya chumvi, yakaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Anayepuliza vumbi azime mashine na kuzuia mapanga ya feni kwa kidole yasizungushwe ovyo. Mashine iliyotolewa katika chumba chenye kiyoyozi iachwe izoee joto la nje kabla ya kuwashwa, umande usije ukaiua.

Kila askari hufundishwa kusafisha silaha yake kabla ya kulala. Chujio la kompyuta ya zamu nalo liandikwe katika daftari la zamu, pamoja na jina la aliyelisafisha. Walioko baharini usiku wanaitegemea.