Njeo na Kauli ya Kutendwa katika Sentensi za Kiingereza: Msaada wa Kiswahili kwa Msomaji

1. Utangulizi

Tuzitazame kwanza sentensi mbili za Kiingereza:

(1) The company has paid.
(2) The company has been paid.

Sentensi hizi zinatofautiana kwa neno moja tu. Ya kwanza yasema kwamba kampuni imelipa. Ya pili yasema kwamba imelipwa. Katika mkataba wa madini, neno hilo moja ndilo linaloamua ni nani aliyetoa fedha na ni nani aliyezipokea. Hata hivyo, wanafunzi wetu wengi hulipita bila kulitia maanani. Hatari hiyo si ndogo: tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya kusoma hati za Kiingereza imezidi, na Mkataba wenyewe wa kuunda Jumuiya hiyo, uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, uliandikwa kwa Kiingereza.

Mwanafunzi wa Kongo hukifikia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha aliyosomea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika kutambua njeo na kauli ya kutendwa, Kiswahili ni njia iliyo nyofu zaidi, ijapokuwa nacho kina mitego yake.

2. Maswali mawili yasiyochanganywa

Njeo hutuambia tendo ni la wakati gani. Kauli hutuambia kama kiima ndicho kinachotenda au ndicho kinachotendwa. Swali la kwanza halijibu la pili. Katika sentensi “The workers will be paid”, umbo “paid” lafanana na la wakati uliopita, lakini malipo bado hayajafanyika. Umbo hilo, ambalo wanafunzi hulikariri kama umbo la tatu la kitenzi, halina njeo lenyewe.

Kanuni yenyewe ni fupi: katika kundi la kitenzi cha Kiingereza, njeo hutazamwa kwenye neno la kwanza, na kauli hutazamwa kwenye maneno mawili ya mwisho. Maneno hayo mawili yakiwa ni umbo lolote la kitenzi “be” likifuatwa na umbo la tatu, kauli ni ya kutendwa. Tulinganishe:

(3) are paid: hulipwa
(4) are being paid: wanalipwa
(5) were paid: walilipwa
(6) have been paid: wamelipwa
(7) had been paid: walikuwa wamelipwa
(8) will be paid: watalipwa

Kwa kanuni hiyo, “have paid” si kauli ya kutendwa, kwa kuwa kinachotangulia umbo la tatu ni “have”, si “be”. Vivyo hivyo “have been paying”, kwa kuwa neno la mwisho si umbo la tatu; maana yake ni “wamekuwa wakilipa”.

Sasa tulichambue neno wa-me-lip-w-a. Njeo iko mbele ya mzizi. Kauli iko nyuma yake. Mpangilio ni ule ule wa Kiingereza, ila Kiswahili hukusanya ndani ya neno moja yale ambayo Kiingereza huyatawanya katika maneno matatu.

3. Pale Kifaransa kinapopotosha

Kwanza, Kifaransa husema “ils sont arrivés” kwa kitenzi kile kile kisaidizi kinachotumika katika kauli ya kutendwa. Kwa sababu hiyo mwanafunzi huandika “they are arrived”. Angalijiuliza kwa Kiswahili, angalipata “wamefika”, neno lisilo na -w-, na hapo angaliandika “they have arrived”.

Pili, “ils ont été payés” huweza kumaanisha wamelipwa au walilipwa. Kiingereza hutenganisha “have been paid” na “were paid”, nasi twatenganisha -me- na -li-. Mipaka yake hailingani kila mahali, lakini ni mwongozo mwema kuliko umbo moja la Kifaransa.

Tatu, Kiingereza huruhusu anayepewa kitu kuwa kiima: “The child was given a book”. Kifaransa hakikubali muundo huo, na anayefikiri kwa Kifaransa huweza kudhani kwamba mtoto ndiye aliyetolewa. Msemaji wa Kiswahili haoni ugumu wowote: mtoto alipewa kitabu.

4. Mitego ya Kiswahili

Mtego wa kwanza ni kiambishi -me- kinapoeleza hali. “The gate is closed”, tukieleza hali ya lango, ni “lango limefungwa”. Tukisema “linafungwa”, tumekwisha kuingia katika “is being closed”.

Mtego wa pili ni “na”. Twasema “mti ulikatwa na mkulima kwa shoka”. Kiingereza husema “by the farmer with an axe”. Anayezoea kuifasiri “na” kwa “with” atamfanya mkulima kuwa chombo. Tena, “by” peke yake si dalili ya kutosha: “The workers travelled by train” ni kauli ya kutenda.

Mtego wa tatu hautokani na Kiswahili, lakini Kiswahili huufichua:

(9) The workers paid by the company left the town.

Msomaji wa haraka huona wafanyakazi wanaolipa. Kumbe “paid” hapa ni umbo la tatu lililoachiwa kitenzi kisaidizi chake, na kitenzi kikuu ni “left”. Kiswahili chalazimisha uhusiano huo utajwe waziwazi: wafanyakazi waliolipwa na kampuni waliondoka mjini.

5. Hitimisho

Mwalimu wa Kiingereza katika vyuo vyetu asione haya kukitumia Kiswahili darasani. Mbele ya sentensi yenye shaka, mwanafunzi aulizwe mambo mawili: ungetia kiambishi gani mbele ya mzizi, na je, ungetia -w- nyuma yake? Akiyajibu hayo mawili, atajua ni nani aliyelipa na ni nani aliyelipwa.