'Rangi' Isiyopaka na Figo Zetu

Hospitalini, mgonjwa anayepelekwa kupigwa picha ya skani aghalabu huambiwa tu kwamba atadungwa 'rangi'. Mimi, mwalimu wa isimu, naliona neno hilo lina kasoro. Rangi hupaka, dawa hii haipaki chochote. Ni maji yenye iodini izuiayo miale ya eksirei ili mishipa ionekane bayana, kisha figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Aliyesikia 'rangi' ataonaje sababu ya kutaja maradhi yake ya figo?

Tusitishane, kwani wengi wenye figo nzima hawadhuriki, na picha hizo huokoa maisha. Wa kuchungwa hasa ni yule ambaye uwezo wa figo zake kuchuja umeshuka chini ya mililita 30 kwa dakika. Kinga yake si ghali: apimwe kreatinini kwenye damu mapema, dozi iwe ndogo iwezekanavyo, daktari azisitishe dawa za maumivu kama ibuprofeni, na mwili usikaukiwe na maji; ikibidi, atundikiwe maji ya chumvi. Asetilisisteini iliyosifiwa miaka mingi haikuonyesha faida yoyote katika utafiti wa PRESERVE uliochapishwa mwaka 2018.

Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu hakuficha. Hakuulizwa kwa lugha inayoeleweka. Basi walimu tuwafunze wanafunzi, nao wawafunze wazee wao, kuuliza kabla ya sindano: "Daktari, figo zangu zimepimwa?"