Ostrakodi wa Tanganyika na udongo wa Luberizi

Mvua ikinyesha kwenye milima iliyo magharibi mwa Luberizi, udongo wa mashamba hushuka uwanda wa Ruzizi na kuishia Ziwa Tanganyika. Anayetaka kujua udongo huo unafanya nini ziwani kwa kawaida huchota maji na kuyapima. Lakini kipimo hicho husema ya siku hiyo tu, kwani mto ulio mwekundu leo kesho hutakata. Shahidi wa kuaminika zaidi anaishi chini kabisa: ostrakodi, jamaa mdogo wa kamba, mwenye magamba mawili ya chokaa, ambaye mara nyingi hafikii hata milimita 1. Tope likimjia, hawezi kulikimbia kama samaki. Akifa, magamba yake huzikwa tabaka juu ya tabaka, na mtaalamu akichomeka bomba sakafuni huinua kumbukumbu ya miaka mingi.

Mwaka 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walilinganisha sehemu za ziwa zinazopokea udongo mwingi na zile zinazopokea kidogo. Palipo na udongo mwingi, aina za ostrakodi zilikuwa pungufu kwa asilimia 40 hadi 62, na za samaki kwa asilimia 35 hadi 65. Sababu inaeleweka: tope huziba nyufa za mawe wanamojificha viumbe hawa, na hufunika mwani ambao wengi huula.

Wapo watakaosema mito imebeba udongo tangu enzi, na wa kulaumiwa ni mvua. Wana haki kiasi. Tabaka za ziwa zinaonyesha udongo ukiongezeka mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa mvua kubwa mno. Ila watafiti waliona kwamba mvua hizo zilisomba mabonde madogo ambayo miti yake ilikwisha kukatwa. Pingamizi zito zaidi ni joto. Utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria kuwa, katika maeneo yaliyochunguzwa, sakafu yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940, kwa sababu ziwa limepata joto na maji yake hayachanganyiki vizuri. Basi magamba yakipungua, tusikimbilie kulaumu jembe. Tutazame kwanza yamepungua wapi: joto hunyang'anya oksijeni kuanzia kilindini, ilhali udongo huumiza kwanza kina kifupi karibu na mlango wa mto. Ukilinganisha kina kilekile mbele ya mito miwili, mmoja wenye msitu na mwingine usio nao, tofauti inayobaki haiwezi kuwa ya joto.

Ostrakodi haliwi kama ndagala, na ndiyo maana hahesabiwi. Hata hivyo, mradi wa kupanda miti ili kuzuia udongo huo, ukiripoti idadi ya miche pekee, haujathibitisha kitu. Wafadhili wa miradi ya uwanda wa Ruzizi watenge fedha ili Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira kichukue tope la milango ya mito kabla ya kupanda, na kirudie miaka kadhaa baadaye.