Mvinyo wa Dodoma au wa Nje: Pesa Yako Inanunua Nini?

Katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, chupa ya Dodoma hupangwa jirani na ya Afrika Kusini, na mara nyingi ya Dodoma ndiyo nafuu. Wanunuzi wengi huamini cha bei rahisi ni hafifu. Hapa wanasahau kodi. Katika bajeti ya 2017/18, mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini ulitozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 200 kwa lita. Wa zabibu za nje, shilingi 2,349. Kwa chupa ya mililita 750, hiyo ni shilingi 150 kwa takriban 1,760, kabla hujahesabu gharama za kusafirisha.

Baada ya bei, tazama zabibu. Zinazolimwa zaidi Dodoma ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe. Chenin ina uchachu wa asili. Ipoze vizuri, uinywe na samaki wa kupaka au kuku wa nazi. Makutupora, yenye jina la eneo la kituo cha utafiti wa zabibu, inatosha kwa nyama choma ya Jumamosi. Ukitaka mvinyo mzito zaidi, tafuta Syrah au Cabernet Sauvignon, ambazo nazo hulimwa mkoani humo, ila kwa uchache.

Msimu nao una neno. Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu, hivyo mkulima hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Zabibu za kiangazi hukolea sukari. Za wakati wa mvua huandamwa na ukungu. Ukinunua kiwandani, uliza mchuzi wa zabibu uliotumika ni wa mavuno yapi.

Usinunue kabla ya kusoma lebo. Tafuta jina la zabibu, kiwango cha kilevi, alama ya TBS na stempu ya kielektroniki ya TRA. Angalia pia kama ni mkavu au mtamu: wengi wanaolalamika kwamba mvinyo wa Dodoma "ni sharubati" walichukua chupa tamu bila kutazama.

Baa nako piga hesabu. Chupa moja hutoa glasi tano za mililita 150. Tuseme glasi ni shilingi 6,000 na chupa 20,000: mkiwa wanne, kila mmoja akanywa glasi moja, mmelipa 24,000 na bado mmeacha glasi ya tano.

Kwa matumizi ya kawaida, anza na Chenin kavu ya Dodoma. Ya nje inunue pale tu unapotaka ladha ambayo Dodoma haitoi, si kwa ajili ya kuonyesha lebo mezani.