Kahawa ya Kukaanga Mwenyewe

Wewe mkulima wa skimu, ukaaye Junju au jirani zake, hali hii waijua. Korosho umeuza, karo ya watoto umelipa, na fedha zimekwisha. Msimu mwingine ungali mbali. Je, katikati hapo chumvi na mafuta ya taa utanunua kwa nini?

Mwezi huu twataka kukueleza kazi moja ndogo iletayo senti kila siku, nayo ni baraza ya kahawa. Kazi hii si ngeni pwani. Tangu zamani wazee wa Lamu, Malindi na Mombasa hukaa barazani jioni, wakinywa kahawa chungu kutoka katika dele, pamoja na kashata au tende. Lakini wauzaji wengi siku hizi hununua unga uliokwisha kusagwa. Afadhali wewe ukaange mwenyewe.

Usikate minazi

Wengine huuliza, “Nipande mibuni?” La, usifanye hivyo. Mbuni wa arabika hutaka baridi ya nyanda za juu, kama Nyeri na Kirinyaga. Hata wamisionari Wafaransa walioleta mbuni mwaka 1893 waliupanda Bura, katika milima ya Taita, wala si ufuoni. Iache minazi yako isimame. Buni nunua kwa mfanyabiashara mwenye kibali.

Namna ya kukaanga

Buni mbichi iliyo kavu hukaa miezi mingi bila kuharibika, ukiiweka mahali pasipo unyevu. Ikisha kukaangwa huanza kupoteza harufu, na ikisha kusagwa hupoteza upesi zaidi. Kwa hiyo kaanga kidogo kidogo, ya siku chache tu.

1. Chagua buni. Toa mawe, na punje nyeusi au zilizotobolewa na wadudu.
2. Tia katika kikaango kizito juu ya makaa, wala usijaze. Koroga bila kuacha, maana ukiacha zitaungua upande mmoja.
3. Punje zitageuka manjano, kisha hudhurungi, halafu utasikia zikipasuka. Kwa kahawa chungu ngoja kidogo zikolee, lakini zisiwe makaa. Kazi yote ni kama dakika 15.
4. Mwaga mara moja katika ungo na upepete zipoe. Zikibaki kikaangoni zitaendelea kuiva.
5. Twanga zile za kutumia leo tu, utie tangawizi. Zilizobaki ziweke katika kopo lenye kifuniko.

Usichanganye na mahindi yaliyoungua ili kuongeza uzito. Mteja atajua, naye hatarudi.

Hesabu yake

Kilo 1 ya buni hupungua katika kukaangwa, ukabakiwa na kama gramu 800. Ukitumia gramu 50 kwa lita 1 ya maji, utapata lita 16. Kila lita, baada ya kuchemka na kuacha machicha, hujaza vikombe vidogo kama 12. Basi kilo moja ni vikombe 190 hivi. Andika bei ya buni, makaa, sukari na tangawizi, uigawe kwa vikombe hivyo, ndipo upange bei yako.

Jihadhari na mkopo. Baraza nyingi zimekufa kwa “nitalipa kesho” ya jamaa na marafiki. Fedha za buni ziweke mbali na fedha za nyumbani.

Kabla ya kufungua, pata kibali cha biashara cha Kaunti na cheti cha afya. Vikombe visisuuzwe katika ndoo moja kutwa nzima. Vioshe kwa sabuni na maji safi.

Mwisho, kumbuka kwamba nazi za shamba lako zafaa kwa kashata, na korosho chache zilizokaangwa huuzika kando ya dele. Hivyo baraza yako huwa soko la shamba lako. Anza na kilo moja. Haba na haba hujaza kibaba.